Sanamu ya Shaba na Meza ya Sala



Juma hili Jumuiya Ndogo Ndogo mojawapo hapa Segera ilikataa kusali nyumbani kwa mama mmoja mjane. Sababu ilikuwa sanamu ndogo ya Buddha, iliyofuliwa kwa mkono kwa shaba, aliyoletewa na marehemu mwanawe kutoka Dar es Salaam. Mama aliiweka mezani pa sala, kando ya msalaba na Bikira Maria. Wapo waliotaka itupwe njia panda. Wapo waliothubutu kutamka neno uchawi. Tumesikitika.

Tuanze na ukweli. Wabudha, ambao wana hekalu lao Dar es Salaam lililoanzishwa na wahamiaji wa kutoka Sri Lanka, hawamsadiki Buddha kuwa Mungu Muumba. Kwao ni mwalimu, na sanamu yake huwakumbusha mafundisho yake na utulivu wa moyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, uliitaja dini hiyo kwa heshima, ukatufundisha kutokataa lolote lililo kweli na takatifu ndani yake. Uchawi haumo.

Majirani zetu Waislamu hutuuliza mara kwa mara kwa nini tunapiga magoti mbele ya sanamu. Nasi hujibu kwa fundisho la Mtaguso wa Pili wa Nisea wa mwaka 787: heshima haibaki kwenye sanamu, bali humwendea yule anayewakilishwa nayo. Je, haki tunayoidai kwa jirani, tutamnyima mwingine?

Lakini fundisho hilohilo linatufunga. Ikiwa heshima humwendea anayewakilishwa, basi meza ya sala hutangaza tunamwomba nani. Mkristo ana Mkombozi mmoja. Kwa hiyo tumemshauri mama aiondoe sanamu ile mezani pa sala, aitunze kabatini pamoja na picha za mwanawe, kama kumbukumbu ya mtoto aliyempenda mamaye. Amekubali kwa machozi na kwa amani.

Sasa tujitazame sisi. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu mwenyewe (Hes 21:8-9). Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Fal 18:4). Hata kitu kitakatifu chaweza kugeuzwa sanamu ya uongo. Rozari inayoning'inizwa mbele ya dereva ili imlinde huku akikimbiza basi kuelekea Chalinze, imekuwa hirizi. Msalaba uliotundikwa ukutani katika nyumba isiyosameheana, umekuwa pambo.

Tunawaomba wanajumuiya warudi kwa mama yule Jumamosi hii, nao waanze kwa kumwomba radhi. Mjane aliyefungiwa mlango na ndugu zake ni jeraha kubwa kuliko shaba yoyote.

Tuwatakie Dominika njema.