Tiba ya Vishipa vya Uso Ianzie Dukani

Mbulu na Hanang, kama penginepo nchini, hawakosekani watu wanaopaka krimu kali ili kung'arisha uso. Baada ya miezi kadhaa baadhi yao huona nyuzi nyekundu mashavuni, ndipo huuliza dawa yake. Swali hilo ni la haki, ila limechelewa.

Husemwa kwamba vishipa hivyo vimepasuka. Sivyo, kapilari zimetanuka tu. Kipande cha kioo kikikandamizwa juu yake, wekundu hutoweka, kwa kuwa damu husukumwa ndani ya kapilari. Damu iliyovuja nje ya mshipa haiondoki hivyo.

Chanzo kimojawapo ni steroidi kali, kama vile klobetasoli. Daktari huiagiza kwa muda mfupi kutibu magonjwa ya ngozi. Ikipakwa usoni kwa miezi mingi, hupunguza utengenezaji wa kolajeni. Ngozi hukonda, na kapilari zikikosa mhimili hutanuka. Jua nalo huongeza madhara, hasa kwa wenye ualbino. Wilaya hizi ni za nyanda za juu, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Ubaridi wa Mbulu humdanganya mtu akadhani jua halichomi.

Tiba zipo. Kapilari huweza kukaushwa kwa sindano ya umeme, au kwa leza ya nanomita 532 au 595, ambayo nuru yake hufyonzwa na himoglobini. Lakini melanini nayo huifyonza nuru hiyo. Kwa hiyo ngozi nyeusi huweza kuungua na kubaki na mabaka. Tena tiba hizo huondoa nyuzi zilizopo, wala haziondoi sababu. Aendeleaye kupaka atapata nyingine.

Huenda ikadaiwa kwamba kila hospitali ya mkoa ipewe leza. Dai hilo lina mvuto, lakini halina hesabu. Fedha hizo zingefaa zaidi kuwasomesha waganga wa magonjwa ya ngozi, kazi inayofanywa na kituo cha mafunzo kilichopo KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992. Mganga wa namna hiyo humsaidia mgonjwa kuacha krimu kwa utaratibu, maana aiachaye ghafla huweza kuvimba na kuwashwa uso.

Steroidi kali isiuzwe bila cheti cha daktari, na sheria isimamiwe hata gulioni. Walimu wa baiolojia nao wana wajibu wao. Somo la ngozi lisiishie kwenye mchoro ubaoni; wanafunzi wasome maandishi ya pakiti za krimu na kutambua majina ya steroidi, haidrokwinoni na zebaki. Kijana aliyejifunza kusoma pakiti, na kuvaa kofia pana shambani, hatahitaji leza.