MAMBO YA NYUMBANI: Bonasi ya Chai ni Mshahara wa Watu Wawili

Katika kaunti za chai za Kenya, kutoka Kericho hata Nyeri na Meru, uko wakati mmoja wa mwaka unaopima ndoa kuliko nyakati zote. Ni wakati wa kulipwa bonasi.

Mwenye shamba dogo la chai anayepeleka majani yake KTDA, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka wa 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka wa 2000, hupata fedha kwa njia mbili. Kila mwezi hulipwa kiasi kidogo kwa kila kilo ya majani mabichi. Kisha, hesabu za mwaka zikiisha kufungwa mwezi wa Juni, masalio hulipwa kwa mkupuo mmoja. Kwa miaka mingi masalio hayo yamekuwa yakifika mwezi wa Oktoba.

Basi yule aingiaye shambani alfajiri, katika baridi na umande, kuchuma majani mawili na chipukizi lake, mara nyingi ni mke. Lakini nambari ya mkulima na hesabu ya benki mara nyingi zimeandikwa kwa jina la mume. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Bwana akishuka mjini peke yake, akakaa siku tatu, akarudi na kilo mbili za nyama na maneno matamu, bibi naye hujifunza kuficha. Huuza majani kwa wachuuzi kwa bei ya chini, au hukopa katika chama bila kumwambia mumewe. Kila mmoja hudhani amemshinda mwenzake, kumbe wote wameshindwa. Ifikapo Januari, mtoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya ada.

Mume asemaye, "Shamba ni langu, na fedha ni zangu," yafaa akumbuke kwamba sheria haisemi hivyo. Katiba ya mwaka 2010 yawapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yatambua kwamba kulea watoto, kutunza nyumba na kulima shamba ni mchango katika mali, hata kama hakuna shilingi iliyotolewa. Lakini heri mapatano ya mezani kuliko haki ya mahakamani.

Na mapatano hayo si magumu. Kabla bonasi haijalipwa, mume na mke na waketi pamoja, wachukue daftari, waandike madeni yote, ya mume na ya mke, pasipo kuficha hata moja. Deni lililotajwa huweza kulipwa; lililofichwa huzaa jingine.

Tuseme bonasi ni shilingi 96,000. Shilingi 30,000 ziwekwe kwa ada ya Januari. Shilingi 12,000 zilipe madeni na vibarua. Shilingi 18,000 ziwe akiba ya ugonjwa na ya kutengeneza nyumba. Zitabaki 36,000. Hizo zisiliwe kwa mwezi mmoja, bali zigawanywe kwa miezi kumi na miwili, yaani shilingi 3,000 kila mwezi, ziongezwe juu ya malipo ya majani. Katika hizo, kila mmoja apewe kidogo cha mkononi, asiulizwe amekitumiaje; maana mtu mzima aombaye hata senti ya chumvi hupoteza heshima yake, naye amnyimaye hupoteza upendo.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, fedha huweza kutoka na kuingia bila mlango kulia. Kwa hiyo daftari lina kazi kubwa kuliko zamani. Kila Jumapili jioni lifunguliwe, na atakayeona kosa aseme kwa upole, kwani daftari ni taa ya kumulikia njia, si fimbo ya kumpigia mwenzako.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na nyumba ambamo mume na mke husoma daftari moja, mtoto hatarudishwa kutoka shuleni hali wazazi wake wakitazamana, kila mmoja akimwuliza mwenzake fedha zimekwenda wapi.