Afya ya Nyumbani: Njaa Tatu za Mwenye Kisukari

Wazee hunena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika mwili wa mgonjwa wa kisukari hao wawili hukaa nyumba moja, wala hawajuani. Damu imejaa sukari, na huku nyama za mwili zalia njaa, kwa maana insulini, ambayo kazi yake ni kuipitisha sukari katika nyama, imepungua au haina nguvu. Ndiyo sababu mgonjwa asiyetibiwa aweza kula sana, naye huzidi kukonda. Jamaa humdhania mlafi. Kumbe si ulafi, ni maradhi. Hii ndiyo njaa ya kwanza.

Tena baadhi ya wagonjwa ndimi zao huwa nzito kuonja, hasa utamu. Huongeza sukari katika chai wasiridhike. Basi ulimi usifanywe hakimu wa chakula cha mtu huyu.

Njaa ya pili ni ile wanayoiogopa wengi, wakisema, "Nikifanya mazoezi nitarudi na njaa kali, nami nitakula kupita kiasi." Twapenda kuwaondolea hofu hiyo. Mtu anapotembea kwa haraka, au anapolima, misuli yake hupokea sukari kutoka damuni hata pasipo kungoja insulini. Na kazi ikiisha, insulini hufanya kazi vema zaidi kwa muda wa siku moja au mbili. Tena kazi ya kutoa jasho hutuliza njaa kwa kitambo, kwa maana grelini, iamshayo njaa, hupungua mwilini. Walakini utulivu huo si wa kutwa nzima, na mtu ajilipaye soda baada ya matembezi huharibu faida yake. Matabibu hushauri dakika 150 kwa juma, zigawanywe, wala zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Hata matembezi ya dakika 15 baada ya chakula huzuia sukari isipande sana.

Njaa ya tatu si ya kungoja. Atumiaye insulini, au vidonge kama glibenklamidi, aweza kushukiwa na sukari chini ya kipimo cha 4 akiwa kazini, au saa nyingi baadaye, hata usiku. Njaa hii huja ghafula, pamoja na kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, na maneno yasiyo na mpango. Hapo mke au mwana asimwambie, "Baba, vumilia, sukari umekatazwa." Saa ile sukari ndiyo dawa. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, angojewe dakika 15, na asipopata nafuu apewe tena. Akiisha kupona, ale chakula. Lakini akizimia asitiwe kitu kinywani. Achukuliwe hospitali upesi.

Vivyo hivyo walimu walio na mtoto mwenye kisukari wasimkataze kula kabla ya mchezo wa mpira, wala asiadhibiwe akiomba chakula katikati ya somo. Sukari iwe karibu, nao wenzake wajue ilipo.

Anayetaka kuanza mazoezi na aonane kwanza na tabibu wake, kwa kuwa huenda kiasi cha dawa kikahitaji kubadilishwa. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Twawasihi basi, enyi akina mama na akina baba, mgonjwa wenu asemapo "Nina njaa," msifanye haraka kumkemea, wala kumjazia sahani. Mwulizeni kwanza: Umetembea? Umetumia dawa? Watetemeka? Majibu hayo matatu yaweza kuokoa mtu.