UKIGONGA SIMAMA, HATA KAMA NI PUNDA!

Wiki hii nilitaka kuandika habari za bumu, lakini bumu litakuja tu na litaisha tu. Leo nina ugomvi na madereva, na pia na sisi abiria tunaowashangilia.

Hoja yangu ni fupi: ukigonga mnyama barabarani, SIMAMA. Awe mbuzi wa mtu, awe mbwa, awe swala wa hifadhi. Kusimama si hisani, ni wajibu.

Juzi narudi chuo kutoka likizo, kati ya Manyoni na Bahi, basi letu likamgonga punda aliyebeba madumu ya maji. Mtoto aliyekuwa anamswaga akabaki kando ya lami kashika kichwa. Dereva hakupunguza hata mwendo. Tuliopiga kelele asimame tulikuwa wawili tu. Konda, ambaye alishasikia nasomea ualimu, akanijibu: "Mwalimu, shuka basi ukamfundishe huyo punda." Basi zima kicheko, na wengi mle ndani ni wanachuo wenzangu.

Hivi mnajua punda ni nini kwa nyumba kama ile? Ndo bomba la maji. Ndo gari la kupeleka mahindi mashineni. Akifa leo, kesho maji yanabebwa kichwani na mama pamoja na yule mtoto, na shule inasubiri. Halafu mimi na wewe tunapangiwa fildi huko huko, tunamsimamisha mbele ya darasa na kumuuliza kwa nini kila siku anachelewa!

Sasa tusikilize utetezi wao.

Eti "ni mnyama tu". Sawa, lakini ana maumivu. Mnyama aliyevunjika miguu anaweza kugaagaa hapo saa nzima na zaidi kabla hajafa. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumwacha mnyama ateseke bila sababu si jambo la kuchekea kwenye siti.

Eti "ukisimama wananchi watakuua". Hili silidharau, watu wamepigwa kweli na magari yamechomwa. Lakini kama unaona hatari, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 112, useme nimegonga mahali fulani. Huko si kukimbia. Kukimbia ni kwenda usikojulikana na kuosha damu kwenye bampa ukifika. Tena mkumbuke, hasira za wanakijiji zinalelewa na hao wanaokimbia. Anayesimama leo analipia madeni ya kumi waliopita jana.

Eti "faini". Hapa nitakuwa mkweli, hoja hii ina uzito. Mnaopita Mikumi mnajua, barabara kuu ya kwenda Iringa inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, mwendo una kikomo, na vibao vinaonyesha faini ya kila mnyama. Mtu akikumbuka kile kibao usiku, anazima akili na kukanyaga mafuta. Mimi ningependa anayetoa taarifa mwenyewe apunguziwe, na anayekimbia akikamatwa abebe mzigo mara mbili. Lakini hata kabla hawajabadilisha, dawa ya faini unayo mguuni. Ukiwa na 100 kwa saa, gari linakula mita 28 kila sekunde. Ukiwa na 50 ni mita 14. Hesabu ya fomu tu wanda hiyo, haihitaji digrii.

Na wale wa "kitoweo hicho, pakia"... ndugu zangu, acheni kabisa! Mnyamapori aliyegongwa bado ni mali ya serikali. Ukikutwa na paja la swala kwenye buti bila kibali, unaitwa mwenye nyara za serikali, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Hakuna nyama tamu kiasi hicho.

Sasa ufanyeje? Simama pembeni, washa hazadi, weka pembetatu nyuma ya gari, angalia abiria wako kwanza. Akiwa mnyama wa hifadhini, usishuke kumsogelea wala kumgusa, toa taarifa kwa askari wa hifadhi. Mzoga ukiachwa barabarani, fisi na tumbusi wanakuja kula nao wanagongwa. Akiwa wa kufugwa, mtafute mwenyewe, ukimkosa mtafute mwenyekiti wa kijiji, aitwe afisa mifugo kama bado yu hai, na mripoti polisi. Ripoti hiyo ndo itakusaidia hata kwenye bima. Akiwa mbwa, usimshike ovyo, mwenye maumivu anang'ata. Aking'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa hakina mzaha.

Na wenye mifugo wasijifiche nyuma yangu. Kuacha ng'ombe walale kwenye lami usiku ni kumtegea mtu kifo, bodaboda wengi wanajua. Nani ana kosa patajulikana wote wakiwepo pale. Dereva akishakimbia, kesi inaamuliwa na yule aliyebaki na mzoga.

Kwa abiria: nauli tuliyolipa haikununua haki ya kuchelewesha mtoto wa mtu maisha yake ili sisi tufike saa kumi badala ya saa kumi na moja. Siku nyingine sauti mbili zikisema simama, ziongezeni zifike arobaini. Hakuna konda anayetania watu arobaini.

Ni hayo tu kwa leo. Kesho nina saikolojia saa mbili asubuhi na sijagusa noti. Mnaobisha tukutane kantini, chai mtanunua nyie.