Programu za kupanga safari hazijui pasipoti yangu

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika programu nikaingia shambani kuchuma majani. Sijaacha. Nilikuwa napanga safari. Leo nina hasira, kwa hiyo mnisamehe makala ikiwa ndefu kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Agosti 2025 tulikuwa wanne tumekaa hotelini hapa Kericho, mvua ya alasiri imetufungia ndani kama kawaida yake. Mimi, nesi mmoja wa Litein, mwalimu wa Sotik, na mzee wetu wa Bomet mwenye ekari tatu za chai. Chai ya pili haijaisha, tukakubaliana: Krismasi hii hatukai nyumbani. Twende Ulaya tuone theluji. Siku kumi na mbili, miji mitano.

Mwalimu alitaka Strasbourg, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni soko la Krismasi ambalo historia yake inaanzia mwaka 1570. Ya pili ni Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambako Agosti 2022 watu wa jamii za Talai na Kipsigis walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza kuhusu ardhi walizofukuzwa enzi za ukoloni, zikageuzwa mashamba ya chai. "Nataka nilione jengo hilo kwa macho yangu," akasema. Hakuna aliyempinga.

Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta", nikakabidhiwa mipango yote. Mnajua ilivyo. Ukishajua kuandika programu mbili tatu, watu huamini unaweza kutengeneza printa, kufungua simu iliyosahauliwa nywila, na kupanga safari ya Ulaya.

Nikajaribu tovuti ya tiketi na hoteli, programu ya simu ya kupanga safari, na mtambo mmoja wa akili unde unaojibu maswali. Sitaji majina, maana kasoro ninayoisema si ya kampuni moja, ni ya aina nzima ya programu hizi. Baada ya sekunde chache nikaletewa ramani nzuri yenye mstari wa bluu: London, Paris, Strasbourg, Cologne, Vienna. Na picha za theluji. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp, watu wakashangilia.

Halafu nikaanza kuikagua jinsi ninavyokagua kazi ya mwanafunzi wa mafunzo.

London: Mkenya anahitaji viza ya Uingereza, na viza ya Schengen haimwingizi huko. Ni maombi mawili, ada mbili, foleni mbili. Programu haikusema neno. Tena ilitupangia kuzunguka jiji kwa treni tarehe 25 Desemba, siku ambayo treni na mabasi ya London hayatembei.

Cologne: ilitupeleka soko la Krismasi tarehe 28. Masoko mengi ya Krismasi ya Ujerumani hufungwa tarehe 23 au 24.

Treni: ikatushauri tununue pasi ya Interrail. Hiyo ni ya wakazi wa Ulaya. Sisi wa nje tunauziwa Eurail.

Vienna: matembezi ya saa kumi na moja jioni "tukiangalia jua likizama". Mwishoni mwa Desemba jua la Vienna huwa limezama saa kumi na dakika chache. Aliyezoea jua la Kericho, karibu kabisa na ikweta, ambalo huchwa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hawezi kulijua hilo mpaka aambiwe. Kazi ya programu ilikuwa kumwambia.

Haya ni madogo, mtu mwenye subira anayarekebisha. Kubwa liko kwenye msingi.

Programu hizi zote zimejengwa juu ya hatua tatu: tafuta, lipa, nenda. Yaani mwenye kuamua kama utasafiri ni wewe na kadi yako ya benki. Kwa mwenye pasipoti ya Ujerumani au Marekani ni kweli. Kwangu mimi ni uongo. Mimi hatua zangu ni hivi: ili nipate viza lazima nionyeshe nafasi ya ndege, malazi ya kila usiku, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ili niwe na hivyo lazima niwe na tarehe. Ili niwe na tarehe lazima nijue viza itatoka lini. Na viza haitoki bila hivyo vya kwanza. Mwenzangu unayeandika programu, ukiona vipande vinategemeana kwa duara namna hii kwenye kazi yako, unajua kitakachotokea: mfumo unakwama na hauanzi.

Duara hilo lina mlango. Ubalozi unataka nafasi iliyoshikwa, haukulazimishi kununua tiketi kabla ya viza. Lakini programu inakupigia kelele: nafasi mbili zimebaki! lipa sasa uokoe! Nesi wetu alikuwa ameshaingiza namba ya kadi, nikampigia simu akasimama. Tiketi yenyewe ilikuwa ya aina isiyorudishwa pesa.

Sasa sikiliza hili la pili. Kanuni ya Schengen inasema unaomba kwa nchi utakayokaa zaidi, na kama muda ni sawa, kwa nchi utakayoingia kwanza. Chukua mfano: usiku tano Ufaransa, tatu Ujerumani, tatu Austria. Unaomba Ufaransa. Sasa programu, kwa wema wake, inapata hoteli ya bei nafuu Cologne, inahamisha usiku mbili huko na kukupongeza kwa kuokoa pesa. Mara Ujerumani imekuwa tano na Ufaransa tatu. Umeshakuwa mwombaji wa ubalozi mwingine kabisa, na karatasi zako zimebatilika, bila onyo hata moja kwenye kioo. Huko kwenye programu ni namba mbili tu zimebadilika. Kwangu ni mwezi mzima wa miadi.

Na pesa. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na juu yake kuna ada ya kampuni inayopokea maombi. Ukikataliwa hairudi. Tukihesabu euro kwa shilingi 150, ni 13,500 kwa kichwa. Mkulima anayelipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi anahitaji kilo 540 kulipia swali tu, kabla ya jibu.

Hapa ndipo ninapofika kwa mzee wetu.

Mkulima mdogo wa chai anayeuza kwa viwanda vya KTDA hupata malipo ya kwanza kila mwezi, kidogo, na fungu lililobaki, bonasi, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Oktoba. Ndiyo inayolipa karo, ndiyo inayoezeka nyumba. Maombi ya viza humtaka mtu aonyeshe kipato chake, kama vile hati za mshahara, na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Mzee akiomba Septemba, akaunti imekauka. Akiomba mwishoni mwa Oktoba, kuna fungu kubwa limeingia ghafla, na fungu la ghafla huonekana kama pesa ya kuazima. Tena Oktoba ile ya 2025 bonasi ya upande wetu ilikuwa ndogo, wakulima wa Kericho na Bomet wakalalamika waziwazi wakijilinganisha na wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa.

Tulimwandalia barua, risiti za kiwanda, hati ya shamba. Akapanda basi la usiku kupitia Narok hadi Nairobi, kwa sababu alama za vidole hutolewa ana kwa ana. Mashine ikakataa vidole vyake. Mara ya kwanza, mara ya pili. Miaka arobaini ya kuchuma imevilainisha. Akaambiwa afute mikono ajaribu tena. "Kijana," aliniambia baadaye, "hii mashine yenu haijawahi kuona mkono uliofanya kazi."

Ya tatu ikakubali.

Novemba majibu yakatoka. Sisi watatu wenye mishahara tukapata. Mzee akapewa karatasi yenye alama ya tiki kwenye kisanduku kinachosema kuna shaka kuhusu nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha. Ubalozi siutaji, na haki ya kukata rufaa ipo. Lakini fikiria. Mimi ninayeweza kufanya kazi na kompyuta ya mkononi popote duniani naaminiwa nitarudi. Mtu mwenye ekari tatu za michai, ambayo ikipitwa wiki mbili bila kuchumwa inaharibu chipukizi, ndiye anayeshukiwa kuwa atatoroka!

Najua mtaniambia: ndugu, huo ni ugomvi wako na ubalozi, programu zina kosa gani? Sheria hazikuandikwa na waandika programu.

Ni kweli hawakuziandika. Lakini taarifa wanazo. Shirika la kimataifa la mashirika ya ndege, IATA, lina hifadhidata iitwayo Timatic, yenye masharti ya pasipoti na viza ya nchi na nchi. Mashirika ya ndege huitumia kukukagua unapojiandikisha uwanjani, kwa sababu wakimbeba asiye na hati wanaweza kutozwa faini. Kwa hiyo taarifa ipo, imepangwa, na kompyuta inaisoma. Inatumika kunizuia pale kaunta. Kwa nini haitumiki kunionya wakati nalipa? Jibu langu ni hili: onyo hupunguza mauzo. Mteja akiambiwa "ngoja kwanza upate viza" hatabofya kitufe leo. Huko ni kuchagua, na aliyechagua anastahili kulaumiwa.

Na huu mtambo wa akili unde ndio umeongeza chumvi. Tovuti ya zamani ilinyamaza. Huu unaongea kwa uhakika, Kiswahili safi kabisa, na bado haukuniuliza swali la kwanza ambalo wakala yeyote wa safari Nairobi angeuliza kabla sijaketi: una pasipoti gani?

Wakati huo huo chai ya mzee inasafiri. Mkataba wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na majani yetu yanaingia huko bila ushuru. Hakuna anayeuliza pakiti ya chai kama ina nia ya kurudi Bomet.

Sasa niwageukie wenzangu wa hapa nyumbani, maana kulaumu wa mbali ni rahisi. Kila mwaka naona vijana wetu wanatengeneza programu ya safari, na kila mwaka ni ile ile: tafuta, lipa, nenda, ila imepakwa rangi za bendera. Tumenakili hadi makosa. Tuliokulia katika nchi ya M-Pesa, iliyoanza 2007 kwa kuangalia mtu wa kawaida anatumaje pesa nyumbani, tunashindwaje kuangalia mtu wa kawaida anasafirije? Mimi nataka hivi:

1. Swali la kwanza liwe pasipoti. Jiji linalohitaji viza ya pili lionyeshwe kwa rangi nyingine, pamoja na gharama yake.

2. Kalenda ihesabiwe kwenda nyuma. Maombi ya Schengen hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Niambie lini nianze, si lini niruke tu.

3. Usiku mmoja ukihama na ubalozi ukabadilika, nipigie kelele.

4. Kundi lihesabiwe kama watu, kila mmoja na jibu lake. Mmoja akikataliwa, nionyeshe nini kinafutika bure na nini kimepotea.

5. Kipato cha msimu kitambuliwe: chai, kahawa, pareto, uvuvi. Programu imsaidie mkulima kupanga risiti za mwaka mzima zisomeke na afisa asiyejua bonasi ni nini.

Hili la tano lina haraka. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za kuhamishia maombi ya viza ya Schengen mtandaoni. Vizuri, basi la usiku la Narok litapumzika kidogo. Lakini kama mfumo mpya utataka ushahidi ule ule wa mshahara, tutakuwa tumelipeleka kosa la karatasi kwenye kompyuta, ambako litafanya kazi haraka zaidi.

Mtauliza, mlienda? Kwenye kundi kulikuwa na mvutano, siwafichi. Mzee mwenyewe alituandikia twende tumletee picha. Mwalimu alinyamaza siku mbili, halafu akaandika: "Strasbourg haihami." Tukafuta hoteli.

Tarehe 21 Desemba tukapanda basi kwenda Kisumu, Busia, Kampala, kisha Kigali. Miji mingi, marafiki wanne, likizo ile ile. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka hiyo kwa kitambulisho tu tangu 2014, na mzee alivuka na chake kile chenye kona zilizokatika. Lakini nilipoziuliza zile programu tatu kuhusu njia hiyo, zote zilinipa ndege kupitia Nairobi. Saa za mabasi nilizipata kwa kumpigia simu dada mmoja wa ofisi ya tiketi, akanisomea kutoka kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo nimeanza kuliingiza kwenye hifadhidata wiki hii. Kama kuna anayejua saa za mabasi ya Kisumu kwenda Mwanza au ya Kampala kwenda Goma, aniandikie. Na kama unatengeneza programu ya safari na unaona nimekuonea, niandikie pia, tubishane.