Ardhi ya Kijiji cha Indonesia Ina Wenyewe

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina ya uwekezaji katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Mtoa mada, kijana nadhifu mwenye maneno mengi, alituambia kwamba Bali imejaa na imekuwa ghali, hivyo mwenye akili leo akimbilie vijijini kabisa: Flores, Sumba, Lombok, visiwa vya mbali ambako, kwa maelezo yake, ardhi imelala tu na wenyeji hawajui thamani yake. Mtu mmoja aliuliza kama mgeni anaruhusiwa kumiliki ardhi huko. Akajibiwa kwamba hilo ni jambo dogo: unamtafuta mwenyeji, unaandikisha kwa jina lake, mnasainishana pembeni, biashara imekwisha. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na hasira niliyotoka nayo ndiyo inayoandika makala haya.

Ingekuwa ni maneno ya kijana mmoja ningenyamaza. Lakini imani hii imeenea. Kila ukifungua simu unamkuta mtu amesimama katikati ya mashamba ya mpunga, droni inampiga picha kutoka juu, naye anakuhimiza uwahi kabla wenzako hawajawahi. Uwahi nini? Ardhi ya nani? Nasema bila kumumunya maneno: hakuna kijiji Indonesia chenye ardhi isiyo na mwenyewe. Anayekuambia kipo anakudanganya, na uongo wake si mpya.

Mwaka 1621 Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India iliingia visiwa vya Banda chini ya Jan Pieterszoon Coen kutafuta kungumanga. Wabanda wengi waliuawa au wakafa kwa njaa, wengine wakachukuliwa utumwani, na mashamba yao yakagawiwa Wazungu. Huo ulikuwa unyang'anyi wa wazi. Baadaye wakoloni wakajifunza kunyang'anya kwa karatasi. Mwaka 1870 serikali ya Kiholanzi ilitangaza kwamba ardhi yote ambayo mtu hawezi kuthibitisha kuwa ni mali yake ni mali ya dola. Mkulima wa Java, ambaye ushahidi wake ulikuwa kaburi la babu na mti uliopandwa na bibi, ghafla akawa mtu asiye na kitu. Ardhi iliyoitwa tupu ikakodishwa kwa makampuni ya miwa, chai, tumbaku na mpira.

Msomaji wa Tanzania asijifanye mgeni wa habari hizi. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri iliyoifanya ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa ya Kaizari, kwa hoja hiyohiyo kwamba haina mwenyewe. Babu zetu walihamishwa kutoka kwenye miteremko yenye rutuba wakapisha mashamba ya kahawa na mkonge kwa sababu mtu fulani alitazama konde lililopumzishwa akaliita pori. Leo mjukuu wa watu hao anapanda ndege kwenda Flores na kusema maneno yaleyale. Kweli mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nichukue huko Flores alikotutuma mtoa mada. Magharibi ya kisiwa hicho wanaishi Wamanggarai. Karibu na mji wa Ruteng, mahali panapoitwa Cancar, ukipanda kilima unaona mashamba ya mpunga yaliyochorwa mfano wa utando wa buibui. Mtalii anapiga picha na kuondoka. Angekaa akauliza, angeambiwa kwamba ule utando ni mgawanyo wa ardhi. Shamba la ukoo huitwa lingko. Katikati yake husimikwa mti, na hapo mzee mwenye jukumu la kugawa ardhi, tu'a teno, hupima fungu la kila kaya kwa upana wa vidole. Kutoka pale kati mistari huvutwa kwenda nje mpaka kwenye mzingo wa shamba, hivyo upana wa vidole vichache unakuwa kipande kirefu kinachotanuka kadiri kinavyokwenda mbali. Kila kaya inajua vidole vyake. Watu waliogawana ardhi kwa vidole mbele ya ukoo mzima, wewe unasema hawajui thamani yake?

Nenda Sumatra Magharibi kwa Waminangkabau, Waislamu wenzetu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ya urithi mkuu hurithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mjomba ndiye msimamizi. Kwa mila zao ardhi hiyo haiuzwi. Hata kuiweka rehani kunahitaji dharura kubwa inayotambulika na ukoo: maiti iliyolala nyumbani haijazikwa, binti aliyefikia kuolewa na hakuna cha kumwozea, nyumba kuu ya ukoo inayovuja. Ukimkuta kijana wa kijiji hicho barabarani akakuambia anakuuzia ekari mbili, jua kwamba anauza mali ya mama zake wadogo, dada zake na watoto wa dada zake ambao bado hawajazaliwa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana mtoa mada aliipita kama mtu anayeruka kidimbwi. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, ilitiwa saini na Rais Sukarno tarehe 24 Septemba, na siku hiyo mpaka leo huadhimishwa nchini humo kama Siku ya Wakulima. Ndiyo iliyofuta tamko lile la 1870. Inasema umiliki kamili wa ardhi ni wa raia wa Indonesia. Mgeni anayeishi huko kihalali anaweza kupata haki ya kutumia au ya kukodi kwa muda, na hapo ndipo mwisho wake. Anayetaka kufungua kampuni ya kigeni anadaiwa mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, yaani kama dola 600,000, bila kuhesabu ardhi na majengo. Ile hadithi ya kuwekeza kwa akiba ya mshahara haimo kwenye sheria hata kwa bahati mbaya.

Na ile njia ya pembeni iliyopigiwa makofi? Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kinaitaja. Mauziano yoyote yenye lengo la kumpa mgeni umiliki, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili. Ardhi inaangukia mikononi mwa dola. Fedha zilizokwishalipwa hazidaiwi. Rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho, ndugu yangu, kabla hujamtumia mtu fedha. Yule uliyeandikisha kwa jina lake akiamua kesho kukugeuka, huna pa kushitaki, kwa sababu utakuwa unakwenda mahakamani kukiri kwamba ulikula njama ya kukwepa sheria. Akifa, watoto wake wanarithi nyumba yako. Akiachana na mkewe, nyumba yako inaingia kwenye mgawanyo wa mali zao. Watu wanaliita hilo uwekezaji!

Mchezo wenyewe tunaujua, tumeuonja hapahapa nyumbani. Ni nani asiyemjua dalali wa viwanja wa Kigamboni au Bagamoyo, anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, kila mmoja na karatasi yake na muhuri wake? Shangazi yangu alikufa akiwa na karatasi ya namna hiyo chini ya godoro. Tumelalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu madalali, na kuhusu wageni wanaojificha nyuma ya majina ya Watanzania kushika fukwe zetu. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 nazo hazimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na tunajivunia hilo. Mbona tukivuka Bahari ya Hindi tunataka sheria ya wenzetu iwe kitambaa cha kufutia viatu?

Nilipomwambia hayo mmoja wa waliokuwa wakipiga makofi, alinijibu kwamba wanavijiji wa huko wenyewe wanataka, kwani wanawapokea wageni kwa tabasamu na kahawa. Hii ndiyo hoja yao! Kwamba ukikaribishwa kahawa umekaribishwa kuchukua shamba. Kwa hoja hiyo kila aliyewahi kula ubwabwa kwenye harusi ya Tanga angekuwa amekwishapata kiwanja Tanga. Ni hoja ya aibu, na mtu mzima hapaswi kuitamka mbele za watu.

Ona ukarimu wenyewe unavyokwenda. Wae Rebo ni kijiji cha milimani huko huko Manggarai. Gari halifiki; unatembea saa mbili tatu kwa miguu kupita msituni. Juu kuna nyumba saba za duara, mapaa yake ya makuti marefu yakishuka karibu mpaka ardhini. Kila nyumba ina ngazi tano: chini wanaishi watu, juu yake chakula na vifaa vya nyumbani, kisha mbegu, kisha akiba ya mwaka wa njaa, na juu kabisa mahali pa sadaka ya mababu. Mgeni hafunguliwi tu akaanza kupiga picha. Anapelekwa kwanza nyumba kuu, mzee anawaarifu mababu kwamba amefika na kuomba alindwe mpaka arudi kwao. Baada ya hapo analala kwenye mkeka, anakula walichopika, anakunywa kahawa iliyovunwa kwenye mashamba yao, na analipa bei iliyopangwa na kijiji. Nyumba nyingine zilikuwa zimekwishaoza. Zikajengwa upya kwa mikono ya wanakijiji na msaada wa wasanifu wa Kiindonesia na wafadhili, na mwaka 2012 kazi hiyo ikapata tuzo ya UNESCO ya Asia na Pasifiki. Hakuna aliyemuuzia mtu hata hatua moja ya uwanja ule. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee wetu. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji aondoke.

Wapo wanaosema uwekezaji wa ardhi unaleta ajira. Ajira gani? Mtu aliyekuwa na shamba anakuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba lilelile. Machi 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walishutumu mradi wa utalii wa Mandalika, kusini mwa Lombok, kwa wenyeji kufukuzwa na mashamba na nyumba zao kuharibiwa. Aprili 2018, huko Sumba Magharibi, mwanakijiji alipigwa risasi akafa wakati watu wakipinga upimaji wa ardhi ya ufukweni iliyokuwa na mgogoro na kampuni ya hoteli. Hizo ndizo Lombok na Sumba tulizoambiwa ardhi yake imelala tu. Ardhi iliyolala haimfanyi mtu asimame mbele ya bunduki.

Na kama kweli tunataka kujua nani anavijenga vijiji vile, tuwatazame wanaovijenga. Indonesia ina vijiji karibu 75,000, na tangu mwaka 2015 kila kimoja kinapata fungu lake kutoka bajeti ya taifa kwa Sheria ya Vijiji ya 2014. Kijiji cha Ponggok, huko Klaten katika Java ya Kati, kilikuwa na chemchemi ambayo watu walikuwa wakiogea na kufulia. Kampuni ya kijiji chenyewe ikaigeuza kuwa bwawa la kuogelea na kupigia picha chini ya maji, watu wakija kwa wingi, na mapato yakirudi kijijini. Chemchemi ilibaki ya kijiji.

Kisha kuna mabinti. Ukipita vijiji vya Lombok Mashariki au Indramayu na kuiona nyumba mpya ya vigae, uliza ilijengwa na nani. Mara nyingi utaambiwa ni binti aliyekuwa akipika na kufua Saudia, Malaysia au Hong Kong. Wengine waliteswa kiasi kwamba mwaka 2015 serikali yao ilizuia kupeleka wafanyakazi wa ndani Mashariki ya Kati. Sisi wenye dada zetu Muscat na Riyadh tunaijua fedha hiyo inavyopatikana. Huyo ndiye mwekezaji wa kijiji, na semina za hotelini hazimtaji hata mara moja.

Simzuii mtu kwenda. Nenda, Indonesia ni nchi nzuri na vijiji vyake vinafaa kuonwa. Lakini fika kama mgeni. Katika vitongoji vingi utakuta kibao kinachomtaka anayelala hapo aripoti kwa kiongozi wa majirani ndani ya saa 24, kama tulivyozoea kwa balozi wa nyumba kumi. Ripoti. Lala nyumba za wenyeji, lipa bei yao bila kuvutana kwa elfu mbili tatu, uliza kabla ya kurusha droni juu ya makaburi ya watu. Ukiwa na mtaji, nunua kahawa, vanila na karafuu zao kwa bei ya haki, umkwepe mlanguzi anayenunua mazao yakiwa bado mabichi mtini. Ukitaka kuingia ubia, ingia na kampuni ya kijiji, mbele ya mkutano wa kijiji, kwa mkataba ambao wakili wao ameusoma.

Na ukialikwa kwenye semina ukasikia tena kwamba kuna ardhi isiyo na mwenyewe, usipige makofi. Inuka umuulize msemaji mbele ya wote: hiyo ardhi ni ya ukoo gani, na nani kati yao amekubali?