Kamera Isiyoona Mtungi Mtupu

Jamani, tuambiane ukweli. Kiangazi kimekaza, mpiga picha anashuka gatini Lamu na tayari anajua atakachopiga: mlango wa nakshi, jahazi limetweka tanga, mama wa buibui akipotea kichochoroni, na punda. Punda akiwa na mitungi ya maji ubavuni, ndiyo raha zaidi! Hayo maji yametoka wapi, mtungi ni shilingi ngapi, nani amekosa? Hayo hayamhusu.

Tukumbuke ukame ulioanza mwisho wa 2020 ukafika 2022, mvua zikikosa msimu baada ya msimu. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Picha ya ukame tuliyoizoea ni mzoga wa ng'ombe huko bara. Sawa, mizoga ilikuwepo. Lakini kiu ya kisiwani haina mzoga. Ni jambo la kila siku. Kisiwani Pate visima vingi ni vya chumvi, watu wanategemea jabia, ile sakafu ya saruji inayokinga mvua na kuyatia maji birikani. Mvua isiponyesha, jabia ni uwanja mtupu. Mji wa Lamu nao unakunywa kutoka visima vya machuguu ya mchanga ya Shela, ambavyo hujazwa na mvua hiyo hiyo. Vikivutwa kupita kiasi, chumvi inaingia.

Mtasema, sanaa haina kazi ya kubeba maji. Haya, basi isiyafiche! Mkubwa wa ofisini anayeiona Lamu kwenye kalenda tu, milango na matanga mwaka mzima, atadhani tumepungukiwa na rangi ya kuta.

Na sisi vijana wenye simu tusijitoe. Tunaiga pozi zile zile za wageni, kisha twalalamika hatuonekani.

Ndugu mpiga picha, nenda jabiani. Piga hodi kwanza, omba ruhusa, na ukikataliwa weka kamera yako. Ukikubaliwa, uliza bei ya mtungi, uiandike chini ya picha pamoja na tarehe. Kisha irudishe, wenyewe waione.

Picha hiyo pengine haitauza kalenda. Lakini akija mtu kutuambia kisiwani maji yalikuwa tele, tutakuwa na cha kumwonyesha.